Maradhi Mawili Katika Kifua Kimoja

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima: Hesabu na Afya

Vitu vya kuwa navyo darasani: ubao, chaki, na punje 100 za mahindi au kokoto ndogo.

Somo hili limetayarishwa kwa madarasa ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, na hasa kwa darasa la Ikola, Mkoa wa Katavi. Lakini kila ajuaye kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya aweza kulifuata, hata akiwa mbali na ziwa. Nawe unayesoma maandishi haya pasipo redio, soma polepole. Penye hesabu, usipite tu kwa macho. Iandike kwa mkono wako.

Leo twataka kujibu swali moja. Mtu akohoaye aweza kuwa na ugonjwa mmoja wa kifua, au miwili kwa wakati mmoja. Je, hesabu yaweza kutuonyesha jinsi maradhi mawili yanavyokwenda pamoja katika kijiji kimoja? Jibu ni ndiyo. Maradhi tutakayoyachukua ni kifua kikuu na Uviko-19. Kikuu ni cha zamani na huenda polepole. Uviko-19 ni wa juzi na huenda mbio. Yote mawili hupita katika hewa, na yote mawili huanza kwa kikohozi na homa. Hapo ndipo taabu inapoanzia.

KIELELEZO CHA HESABU NI NINI?

Mtoto wa mvuvi huchonga mtumbwi mdogo wa mti akauweka majini. Mtumbwi ule hauchukui samaki wala mtu. Hata hivyo, ukiegemea upande mmoja, mtoto ajua kwamba amechonga vibaya. Mtumbwi mdogo umemfundisha jambo la mtumbwi mkubwa, naye hakupoteza mti mzima wala hakumzamisha mtu. Huo ndio kielelezo.

Kielelezo cha hesabu ni kama mtumbwi ule, ila kimechongwa kwa namba. Wataalamu huchukua mambo machache yaliyo makubwa katika ugonjwa, wakayaandika kwa namba, kisha wakaangalia namba zinakwenda wapi. Hatuwezi kukiambukiza kijiji maradhi ili tuone kitakachotokea. Kwa namba twaweza kuona, na hakuna anayeugua.

Ninyi wa Ikola mmekwisha kuona kazi ya hesabu ya namna hii. Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi 3. Sababu yake ni hesabu: samaki wanaovuliwa wakizidi wanaozaliwa, ziwa hupungukiwa, wanaozaliwa wakizidi wanaovuliwa, ziwa hujaa. Hakuna aliyeshuka chini ya maji akawahesabu dagaa na migebuka mmoja mmoja. Watu walipima kidogo, wakakadiria, wakapiga hesabu.

Ugonjwa nao huenda vivyo hivyo, ila sisi twataka kinyume chake. Kwa samaki twataka wanaozaliwa wazidi. Kwa maradhi twataka wagonjwa wapya wawe wachache kuliko wagonjwa wanaopona.

UGONJWA UENDAO MBIO

Wekeni punje moja ya mhindi mezani. Punje hiyo ni mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 katika kijiji cha watu 1,000. Kijiji hiki ni cha kujifunzia tu. Msikitafute katika ramani.

Tuseme kila mgonjwa huambukiza watu 2 kabla hajapona. Wataalamu walikadiria kwamba katika siku za mwanzo za ugonjwa ule, mgonjwa mmoja aliambukiza watu kati ya 2 na 3. Sisi tuchukue 2, maana ni rahisi kuzidisha. Tuseme tena kwamba kila hatua huchukua siku 5.

Mgonjwa 1 huzaa 2. Wawili huzaa 4. Wanne huzaa 8. Kisha 16, 32, 64, 128, 256, 512.

Hesabuni hatua: toka 1 hadi 512 ni hatua 9. Mara siku 5, ni siku 45. Katika siku 45 ugonjwa umetoka kwa mtu mmoja ukafika watu 512 kwa hatua moja. Sasa jumlisheni wote, tangu yule wa kwanza. Mtapata 1,023.

Je, mmeona kosa? Kijiji chetu kina watu 1,000 tu! Watu 23 wametoka wapi?

(Hapa mwalimu azime redio kwa dakika tano, darasa lijadiliane.)

Jibu ni hili. Tulidhani kwamba kila mgonjwa hukuta watu wapya wa kuambukiza. Lakini ugonjwa ukienea, wengi anaokutana nao wamekwisha kuugua na kupona, na miili yao ina kinga kwa muda. Ikiwa nusu ya watu wana kinga, yule ambaye angaliambukiza 2 sasa ataambukiza 1 tu. Na wenye kinga wakizidi nusu, ataambukiza chini ya 1, na ugonjwa utaanza kufifia.

Kwa hiyo hatuna budi kuwagawa watu wa kijiji katika makundi matatu: ambao hawajaambukizwa bado, walio wagonjwa sasa, na waliokwisha kupona. Kila siku watu huhama toka kundi hadi kundi. Hesabu hii ya makundi ilitungwa na wataalamu wawili wa Uskochi, Kermack na McKendrick, wakaitangaza mwaka 1927. Hata leo vielelezo vingi vya magonjwa ni watoto au wajukuu wa hesabu ile.

Shikeni neno moja hapa: namba 1 ndiyo mlango. Mgonjwa mmoja akiambukiza zaidi ya mmoja, ugonjwa hupanda. Akiambukiza chini ya mmoja, ugonjwa hushuka. Barakoa, madirisha yaliyo wazi, chanjo, na kukaa mbali na mgonjwa vyote vina kazi hiyo moja: kuishusha namba ile chini ya 1.

UGONJWA UENDAO POLEPOLE

Kifua kikuu kina tabia nyingine. Kinaletwa na vijidudu ambavyo Robert Koch alitangaza kuvigundua mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo maana siku hiyo kila mwaka ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Vijidudu vikiingia mwilini, mara nyingi mwili huvifunga visiweze kutoka. Mtu huyo hana homa, hakohoi, wala hamwambukizi mtu. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wana vijidudu hivyo vimelala ndani yao.

Kati ya watu 100 wa namna hiyo, wapatao 5 hadi 10 ndio wataugua katika maisha yao yote. Mtu mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hatumii dawa, au ambaye mwili wake umedhoofika kwa sababu nyingine, yumo hatarini zaidi.

Basi, katika makundi yetu yale matatu lazima tuongeze kundi la wenye vijidudu vilivyolala. Uviko-19 humfanya mtu mgonjwa katika siku chache. Kifua kikuu chaweza kukaa kimya mwaka mmoja, miwili, au miaka mingi, ndipo kiamke.

Hesabu nzuri kuliko zote juu ya jambo hili inahusu nchi yetu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Daktari aliyefanya kazi nao kwa karibu ni Karel Styblo, aliyezaliwa Czechoslovakia mwaka 1921. Yeye mwenyewe aliupata ugonjwa huu akiwa mfungwa wa Wajerumani katika kambi ya Mauthausen, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Akapona, akayatoa maisha yake kupigana nao.

Hesabu ya Styblo ni hii. Fuateni mstari kwa mstari.

Mgonjwa wa kifua kikuu ambaye vijidudu vyake vyaonekana makohozini kwa darubini, naye hatibiwi, huambukiza watu wapatao 10 kwa mwaka.

Asipotibiwa, hukaa katika hali hiyo kama miaka 2, ndipo afe au apone mwenyewe. Mara 2 ni watu 20.

Katika hao 20, mmoja kati ya kila 10 ataugua. Ni wagonjwa 2.

Katika wagonjwa wa kifua kikuu, kama nusu tu ndio wenye vijidudu vingi makohozini vya kuwaambukiza wengine kwa wepesi. Nusu ya 2 ni 1.

Mgonjwa mmoja amemwacha mgonjwa mmoja mahali pake, kama mlinzi wa usiku anayemkabidhi mwenzake zamu. Ugonjwa haupandi wala haushuki. Unakaa tu, kizazi baada ya kizazi. Kwa watu wengi wa zamani hivyo ndivyo ulivyokuwa.

Sasa tubadilishe jambo moja tu. Mgonjwa yule afike zahanati baada ya miezi 6, makohozi yapimwe, aanze dawa. Dawa zikifaa na akizimeza sawasawa, baada ya majuma machache huacha kuambukiza. Hesabu ni hii: miezi 6 ni nusu mwaka, basi ameambukiza watu 5 badala ya 20. Moja ya kumi ya 5 ni nusu. Nusu ya nusu ni robo. Wagonjwa 4 wa leo wataacha mgonjwa 1 wa kuambukiza. Ugonjwa umeanza kufa.

Angalieni kwamba hatukutaja dawa mpya wala mashine ya ajabu. Tumebadilisha miaka 2 kuwa miezi 6, basi. Katika kifua kikuu, siku za kuchelewa ndizo mbegu.

Dawa nazo zina historia hapa kwetu. Zamani mgonjwa alimeza dawa kwa miezi 18, na wengi walichoka njiani. Majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ambayo matokeo yake ya kwanza yalitangazwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba kwa dawa zilizochanganywa vizuri miezi 6 yatosha. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miaka ya 1990, lilizichukua njia za kazi zilizojaribiwa Tanzania likazieneza katika nchi nyingine: kupima makohozi, kumsimamia mgonjwa amezapo dawa, na kuandika matokeo ya kila mgonjwa katika daftari. Mwalimu wenu akisema andikeni vizuri, kumbukeni daftari lile.

VYUMBA VINNE

Tumekwisha kuona kila ugonjwa peke yake. Sasa tuyaweke yote mawili katika kijiji kimoja. Chora mraba mkubwa ubaoni, uugawe vyumba vinne.

Chumba cha 1: wasio na ugonjwa wowote kati ya hii miwili.
Chumba cha 2: wenye kifua kikuu peke yake.
Chumba cha 3: wenye Uviko-19 peke yake.
Chumba cha 4: wenye yote mawili.

Kijiji kina watu 1,000. Kwa kujifunza, tuseme wagonjwa wa kifua kikuu ni 10, na wagonjwa wa Uviko-19 ni 100. Je, chumba cha 4 kina watu wangapi?

Ikiwa maradhi haya hayajuani, yaani kuwa na moja hakumsogezi mtu karibu na jingine, hesabu ni nyepesi. Wenye kifua kikuu ni 10 katika 1,000, yaani mmoja katika kila 100. Basi katika wagonjwa 100 wa Uviko-19, mmoja atakuwa na kifua kikuu pia. Chumba cha 4 kina mtu 1. Cha 2 kina 9. Cha 3 kina 99. Cha 1 kina 891. Jumlisheni: 1 na 9 na 99 na 891 ni 1,000. Hakuna aliyepotea.

Sasa tuseme wauguzi wamepita nyumba kwa nyumba, wakahesabu, wakakuta chumba cha 4 kina watu 3 na si 1. Katika kijiji kidogo yaweza kuwa bahati tu. Lakini vijiji vingi vikionyesha hivyo hivyo, twajua kwamba maradhi haya yanajuana. Kuna kamba inayoyafunga. Labda wenye kifua kikuu ndio wanaolala watu wengi katika chumba kimoja kisicho na dirisha, na hewa hiyo hiyo hupitisha Uviko-19. Namba peke yake haitaji sababu. Lakini inatuambia tuitafute.

Vyumba hivi vina milango. Mtu wa chumba cha 2 akiambukizwa Uviko-19 huingia chumba cha 4. Mtu wa chumba cha 4 akipona Uviko-19 hurudi chumba cha 2. Kazi ya mtaalamu ni kukadiria watu wangapi hupita kila mlango kwa juma moja, kisha kupiga hesabu juma baada ya juma. Zamani ilifanywa kwa kalamu; leo hufanywa kwa kompyuta, na vyumba vyaweza kuwa kumi au ishirini. Lakini maana yake ni ile ile ya vyumba vyetu vinne.

Mwangalieni sana mlango wa kutoka chumba cha 4 kurudi chumba cha 2. Mtu alikuwa na homa na kikohozi, akaambiwa ni Uviko-19, na kweli alikuwa nao. Baada ya majuma mawili homa imepungua na watu wa nyumbani wamefurahi. Kikohozi bado kipo, lakini kila mtu asema, ni mabaki tu, kitakwisha. Kumbe si mabaki. Ni ugonjwa wa pili, ambao haukupimwa kwa sababu wa kwanza umekwisha kupewa jina.

KAMBA TATU

Maradhi mawili yaweza kufungwa kwa kamba tatu.

Kamba ya kwanza: moja hulifungulia jingine mlango. Mwaka 1918 mafua makali yalienea dunia nzima, yakifuata meli, reli na askari wa vita. Wataalamu waliochunguza baadaye walikuta kwamba wengi katika waliokufa waliuawa na nimonia ya bakteria iliyoingia baada ya mafua kuyachubua mapafu. Mafua yalivunja mlango, nimonia ikaingia. Ukimwi na kifua kikuu ni mfano mwingine.

Kamba ya pili: maradhi mawili yakikutana, mzigo huzidi. Katika jimbo la Western Cape, Afrika ya Kusini, mwaka 2020, waliangalia kumbukumbu za wagonjwa wengi. Wakakuta kwamba mgonjwa wa kifua kikuu aliyepata Uviko-19 alikuwa katika hatari ya kufa kati ya mara 2 na mara 3 kuliko mtu aliyelingana naye ambaye hana kifua kikuu. Katika kielelezo, maana yake ni kwamba mlango wa kifo wa chumba cha 4 ni mpana kuliko ule wa chumba cha 3.

Kamba ya tatu: moja hulificha jingine. Kamba hii haimo ndani ya kifua. Imo katika fikira zetu, katika nauli, na katika foleni ya zahanati. Nayo yaweza kuleta hasara kubwa, kama tutakavyoona.

DENI LA MIEZI MITATU

Katika Tanzania mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zikafungwa. Katika nchi nyingi watu waliogopa kwenda hospitali wasije wakaupata ugonjwa huko. Wengine waliogopa kukohoa mbele za watu. Wauguzi wa kifua kikuu walipewa kazi nyingine, na mashine za kupimia zikatumika kupima Uviko-19.

Tupige hesabu. Kijijini mwetu wamo wagonjwa 10 wa kifua kikuu wenye kuambukiza. Kwa kawaida hugunduliwa baada ya miezi 6. Kila mmoja ameambukiza 5. Wote kumi wameambukiza 50. Katika hao wataugua 5.

Sasa kwa sababu ya hofu wamechelewa miezi 3 zaidi. Miezi 9 ni robo tatu za mwaka. Kila mmoja ameambukiza watu 7 na nusu. Wote kumi wameambukiza 75. Katika hao wataugua 7 au 8.

Zamani 50, sasa 75. Watu 25 wameingiwa na vijidudu kwa sababu ya miezi 3, na katika hao 2 au 3 wataugua. Hawataugua leo. Wataugua mwaka ujao, au baada yake, wakati hakuna tena anayezungumza habari za Uviko-19. Deni limekopwa mwaka mmoja, linalipwa mwaka mwingine, na anayelilipa siye aliyelikopa.

Mtu aweza kuuliza: Je, watu walipokaa nyumbani, hawakupunguza na kifua kikuu pia? Ni swali zuri. Sokoni na katika mabasi kilipungua. Lakini kifua kikuu hupenda hewa inayokaliwa saa nyingi pamoja, yaani hewa ya nyumbani. Mgonjwa asiyetibiwa akifungiwa na watoto wake, wao huvuta hewa yake mchana na usiku. Kielelezo kizuri lazima kihesabu pande zote mbili.

Wataalamu walipiga hesabu hii kwa dunia nzima. Mwezi wa Mei 2020 walitoa onyo: ikiwa kazi za kifua kikuu zitasimama kwa miezi 3, na kurudishwa polepole kwa miezi 10, basi kati ya 2020 na 2025 wagonjwa wangeongezeka kwa milioni 6.3, na vifo kwa milioni 1.4. Hiyo haikuwa habari ya jambo lililotokea. Ilikuwa hesabu ya jambo ambalo lingeweza kutokea.

Je, nini kilitokea kweli? Mwaka 2019 watu milioni 7.1 duniani waligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Mwaka 2020 waligunduliwa milioni 5.8. Toeni: ni pungufu ya milioni 1.3, yaani kama watu 18 katika kila 100. Asiyejua angesema, alhamdulillahi, ugonjwa umepungua. Sivyo. Waliopungua ni waliogunduliwa, si wagonjwa. Vifo viliongezeka mwaka 2020, vikaongezeka tena mwaka 2021. Nchi nyingi zilijitahidi kuwatafuta waliokosekana, na mwaka 2023 waligunduliwa milioni 8.2. Mwaka huo kifua kikuu kiliua watu wapatao milioni 1.25, kikarudi mahali pake pa kwanza kati ya magonjwa ya kuambukiza yanayoua kwa kijidudu cha namna moja, mbele ya Uviko-19.

Kwa hiyo usomapo namba, uliza kwanza: Namba hii yahesabu wagonjwa, au yahesabu wagonjwa walioonekana? Usiku wenye mawingu nyota zionekanazo ni chache, lakini mbinguni hazikupungua.

MAHALI HESABU IWEZAPO KUKOSA

Kielelezo si unabii. Tulisema mgonjwa huambukiza watu 10 kwa mwaka. Kumi hiyo ni wastani. Mvuvi alalaye peke yake kando ya mtumbwi wake, penye upepo wa ziwa, aweza asiambukize hata mmoja. Mwingine, alalaye na wenzake wanane katika kibanda kilichofungwa pande zote kwa turubai, ataambukiza wengi. Tena watu wa mwambao hawakai mahali pamoja: leo Ikola, kesho Karema, keshokutwa ng'ambo ya Kongo. Kielelezo kinachodhani kwamba kijiji kimefungwa kama chupa kitakosea hapa.

Wakati dagaa wanapohama na kambi ya wavuvi huhama. Mgonjwa aliyeanza dawa katika zahanati moja aweza kujikuta mbali nayo baada ya mwezi. Hilo lazima liingie katika hesabu, na anayelijua si mtu wa kompyuta mjini, ni ninyi. Kwa sababu hiyo mtu yeyote akija kuuliza kwenu mnalala wangapi, mnahama lini, mnakwenda wapi, mjibuni kweli. Namba mbaya ikiingia, jibu baya litatoka, hata hesabu ikipigwa sawasawa.

TUFANYE NINI?

Hesabu imetufundisha, lakini haimtibu mtu. Yafuatayo ndiyo kazi yetu.

Kikohozi kikifika majuma mawili, mtu aende zahanati akapimwe makohozi. Asiseme, nimekwisha kupimwa Uviko-19. Kipimo cha ugonjwa mmoja kisifunge mlango wa kipimo cha pili. Kukonda, kutokwa jasho jingi usiku na kutema damu ni dalili za kwenda upesi zaidi, bila kungoja majuma mawili.

Matibabu ya kifua kikuu katika Tanzania ni bure. Dawa humezwa kwa muda wa miezi 6 kwa kawaida, wala zisiachwe mtu ajisikiapo nafuu. Ziachwazo katikati huweza kuzaa ugonjwa usiosikia dawa zile. Mvuvi anayehama amwambie mganga mapema, apewe barua ya kuendelea na dawa huko aendako.

Nyumbani, fungueni madirisha. Akohoaye azibe mdomo kwa kitambaa. Sahani na vikombe havileti kifua kikuu. Msimtenge mgonjwa kwa chakula. Mgonjwa anayeogopa kutengwa huficha kikohozi, na kikohozi kilichofichwa mwaka mzima ni watu 10.

Watoto wachanga wapelekwe kupata chanjo ya kifua kikuu, maana huwakinga na aina mbaya za ugonjwa. Alalaye chumba kimoja na mgonjwa naye apimwe, hata kama hakohoi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Kwa nini mtu aliyepona Uviko-19 lakini bado anakohoa apimwe tena?
2. Katika kambi za wavuvi za kwenu, watu wangapi hulala katika kibanda kimoja? Hewa huingia wapi?
3. Wagonjwa walioandikwa katika daftari la zahanati wakipungua ghafla, mambo gani mawili yaweza kuwa sababu?

HESABU ZA KUFANYA

1. Kijiji kina watu 2,000. Wenye kifua kikuu ni 20, na wenye Uviko-19 ni 200. Ikiwa maradhi hayajuani, kila chumba kina watu wangapi?
2. Wagonjwa 4 wa kifua kikuu wamegunduliwa baada ya miezi 3 badala ya miezi 12. Watu wangapi wameokolewa na vijidudu? Katika hao wangapi wangeugua?

MAJIBU

1. Wenye yote mawili ni 2. Kifua kikuu peke yake 18. Uviko-19 peke yake 198. Wasio na ugonjwa 1,782.
2. Kwa miezi 12 wangeambukizwa watu 40. Kwa miezi 3 wameambukizwa 10. Waliookolewa ni 30, na katika hao 3 wangeugua.

Ndugu wanafunzi, waliokosa hesabu ya pili wairudie kwa punje za mahindi. Kila punje ihesabiwe kama mtu wa kijijini kwenu. Kwaherini.